Sita kwenye meza moja: izakaya ya matawi, ya mtaani, au ya kusimama?

Ijumaa, saa moja kasoro robo jioni, nje ya kituo cha treni jijini Tokyo. Mko sita, njaa inauma, na hakuna aliyeweka nafasi popote. Mmoja anaonyesha bango la ghorofa ya tatu lenye picha za vyakula na bei zake. Wa pili ameona taa nyekundu ya karatasi ikining'inia kichochoroni, na harufu ya mkaa imeshamteka. Wa tatu anasema tusihangaike, tusimame pale kwenye kaunta, kinywaji kimoja, mishikaki miwili, twende zetu. Wote wanataja neno moja, izakaya, ile baa ya Kijapani ya kunywa na kula, na kila mmoja ana yake kichwani.

Neno lenyewe limeungwa kwa vipande vitatu: kukaa, pombe, duka. Enzi za Edo, karne ya 17 hadi ya 19, maduka ya kuuza sake, pombe ya mchele, yalianza kuwaacha wateja wanywe papo hapo badala ya kubeba kwenda nyumbani, vitafunwa vikafuata, na leo chakula ndicho kinachowavuta wengi. Si mgahawa ambako kila mtu anakumbatia sahani yake. Vyakula huja kidogo kidogo, vinatua katikati ya meza, na kila mtu anajipakulia kwenye kisahani chake. Aliyelelewa kwenye sinia hatapata shida kuelewa, ila sinia la hapa linakuja vipande vipande kwa muda wa saa mbili, na kila kipande kina bei yake.

Hapo ndipo uchaguzi unapokuwa mgumu. Chakula ni cha wote, na bili mara nyingi hugawanywa sawa kwa vichwa, desturi inayoitwa warikan. Kwa hiyo mimi siulizi nani ana hamu ya nini. Nauliza nani kati yetu ana mipaka mingi zaidi: asiyekunywa, asiyekula nguruwe, mwanafunzi anayehesabu yen hadi tarehe ya posho, anayekaa mwisho wa reli. Yule anayekula chochote atafurahi popote mtakapompeleka.

Vigezo nitakavyotumia ni hivi: nafasi ya kundi, bili, chakula cha katikati ya meza, hali ya asiyekunywa au asiyekula nguruwe, lugha, na muda pamoja na moshi.

Wenyewe ni hawa

Izakaya ya matawi ni ile yenye jina moja kila kituo, menyu ya picha na kishikwambi cha kuagizia. Torikizoku, kwa mfano, ilianzia Higashi-Osaka mwaka 1985, ikajulikana kwa mishikaki ya kuku ya bei moja kwa kila sahani, na sasa utaikuta miji mingi.

Ya mtaani Wajapani huiita akachochin, yaani taa nyekundu, kwa sababu ya ile taa ya mlangoni. Mara nyingi ni mzee mmoja jikoni na mkewe kaunta, viti kumi au kumi na tano, na menyu iliyoandikwa kwa mkono kwenye karatasi zilizobandikwa ukutani.

Ya kusimama ni tachinomi. Hakuna viti. Unaegemea kaunta au pipa, unakunywa, unakula kidogo, unaondoka. Binamu yake ni kakuuchi, duka la pombe ambalo unanunua chupa na kuinywa humo humo. Kitakyushu ni mji unaojulikana sana kwa hiyo.

Nafasi

Ya matawi ndiyo imejengwa kwa makundi. Kuna meza za watu sita, vyumba vya mikeka ya tatami, na zile meza zenye shimo la kuweka miguu chini ili magoti yasiteseke. Viatu unavua mlangoni na kuviweka kwenye kabati, kwa hiyo angalia soksi zako kabla ya kutoka nyumbani. Hata hivyo, Ijumaa bila kuweka nafasi mnaweza kuambiwa msubiri saa nzima.

Ya mtaani, watu sita ni jeshi. Wakiwapa nafasi, mtakuwa mmechukua karibu nusu ya duka, na kaunta iliyonyooka haiwaruhusu watu sita kuongea pamoja: wa kushoto kabisa hasikii wa kulia anacheka nini. Wawili watakaa vizuri, watatu pia. Zaidi ya hapo piga simu kwanza.

Ya kusimama inabana, lakini watu hawakai sana, hivyo nafasi hupatikana haraka. Wanne wanajibana. Sita mtagawanyika, watatu huku na watatu kule.

Bili

Kwanza yale ya kujua kabla hujaketi. Japani hakuna kumwachia mhudumu bakshishi, ukiacha sarafu mezani atakukimbilia barabarani akurudishie. Kodi ya mlaji kwa chakula cha kuliwa dukani ni asilimia 10, na kuna bei za menyu ambazo bado hazijaijumlisha. Halafu kuna otoshi, kibakuli kidogo kinacholetwa bila kuagizwa: mwani, viazi, ngisi wa kuchemsha, chochote mpishi alichoamka nacho. Hicho si zawadi. Ni malipo ya kiti, kwa kawaida yen 300 hadi 500 kwa kila mtu, na huko Osaka kinaitwa tsukidashi. Wageni hukasirika sana wakikiona kwenye risiti, nami nilikasirika mara ya kwanza. Siku hizi nakitumia kumpima mpishi: kibakuli kikiwa kitamu, nakaa.

Kwenye izakaya ya matawi mtu mmoja hutumia kama yen 3,000 hadi 4,000 akishiba na kunywa viwili vitatu. Uzuri wake ni kwamba kishikwambi kinaonyesha jumla kila mnapoongeza. Mtego wake ni nomihodai, kunywa bila kikomo kwa dakika 90 au 120, kwa kawaida yen 1,500 hadi 2,500 kwa kichwa. Sharti lake la kawaida ni kwamba meza nzima iingie, haiwezekani wawili wanywe bila kikomo na wanne waagize kimoja kimoja. Oda ya mwisho ya vinywaji nayo hupokelewa nusu saa hivi kabla ya muda kwisha. Kwa wanywaji wanne wa kweli ni nafuu. Kwa kundi lenye watu wawili wa chai, hao wawili wanawalipia wenzao bia. Baadhi ya maduka yana nomihodai ya vinywaji visivyo na pombe kwa bei ya chini, na inafaa kuulizia kabla hamjabonyeza.

Ya mtaani hupanda kidogo, yen 3,500 hadi 5,000, na bei ya samaki wa siku huenda isiandikwe kabisa. Nyingi hupokea fedha taslimu tu, na kumwomba mzee agawanye bili mara sita ni kumtesa. Mmoja analipa, wengine wanamtumia chao kwa simu wakiwa njiani.

Ya kusimama haina mpinzani hapa. Kuna msemo senbero, kulewa kwa yen 1,000, na ingawa siku hizi elfu moja haifiki mbali kama zamani, mtu anaweza kutoka akiwa ametumia elfu moja na nusu. Kwingine unaweka fedha kwenye kibakuli mbele yako na muuzaji anachukua kila anapokuhudumia. Kila mtu na kibakuli chake, hakuna hesabu za baadaye. Na otoshi mara nyingi haipo.

Chakula cha katikati ya meza

Hapa ndipo penye utamu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mnaanza na vitu vya haraka: edamame, yaani maganda ya soya machanga yaliyochemshwa kwa chumvi, tofu baridi yenye tangawizi, kachumbari. Kisha samaki mbichi wa kuchanganya kwenye sahani moja, kisha vya kuchoma, kisha vya kukaanga. Mwisho kabisa huja shime, chakula cha kufungia: wali uliomwagiwa chai, tonge la wali lililochomwa, au bakuli la tambi. Anayeagiza wali mwanzoni atatazamwa kwa mshangao, nami nawaelewa ndugu zangu wanaoutazama wali kama chakula chenyewe na vingine kama mboga.

Mishikaki ya kuku, yakitori, inakwenda kwa viungo: momo ni paja, negima ni paja na kitunguu majani, kawa ni ngozi, sunagimo ni firigisi, hatsu ni moyo, reba ni ini, bonjiri ni kile kipande chenye mafuta mkiani. Unachagua chumvi au tare, mchuzi mtamu wa soya. Kwa mtu aliyekulia kwenye nyumba ambamo firigisi zina mwenyewe, hii ni sehemu salama ya kuanzia.

Sasa, kugawana. Izakaya ya matawi huleta mishikaki miwili kwa sahani, na ninyi ni sita. Ama muagize sahani tatu za kila aina, ama mvue nyama kwenye kijiti na kuitawanya. Kwenye matawi fanyeni mtakavyo. Kwa mzee wa taa nyekundu fikirini mara mbili: wapo wachomaji wanaonuna wakiona mishikaki ikivuliwa, maana inapoa na maji yake yanamwagika. Amepanga vipande kwa ukubwa tofauti ili mdomo wa kwanza uwe mzuri, halafu wewe unakuja na vijiti vyako vya kulia kama unabomoa nyumba. Pale kwake kila mtu aagize wake, na vigawanywe vile vya bakuli na vya sahani: nyama na viazi vya kuchemsha, samaki mzima wa kuchoma, yai la kukunja. Nyumba ya namna hii ndiyo yenye samaki mzuri na mboga za msimu, na ndiko utakakolishwa kitu usichokijua jina. Matawi hukupa ladha ile ile kila mji, na kuna siku hicho ndicho mnachokitaka. Ya kusimama ina orodha fupi ya vitu vidogo vya bei ndogo, vinavyotosha kufungua tumbo lakini havimshibishi mwenye njaa kamili.

Adabu za meza ni zile zile kote. Chakula hakipitishwi kutoka vijiti vya mtu kwenda vijiti vya mwingine, kwa sababu ndivyo mifupa ya marehemu inavyookotwa baada ya kuchomwa. Vijiti havisimamishwi kwenye wali, kwa sababu hiyo hiyo ya msiba. Mmiminie mwenzako, naye akumiminie. Na kuku wa kukaanga akija na kipande cha limau, usikamulie sahani nzima kabla ya kuuliza, hilo ni jambo ambalo Wajapani wenyewe hawaishi kulibishania. Mwishoni hubaki kipande kimoja ambacho kila mtu anakiogopa. Watu wa Kansai, upande wa Osaka, wamekipa jina, enryo no katamari, bonge la kuoneana haya. Kwetu pia kipo, ila hatukukipa jina.

Asiyekunywa, asiyekula nguruwe

Asiyekunywa hana shida kubwa popote. Chai ya oolong, soda ya tangawizi na bia isiyo na kilevi zipo karibu kila duka, na mtu akiinua glasi ya chai kwenye kanpai, ile ya kugonganisha glasi, hakuna anayeshangaa. Umri wa kunywa Japani ni miaka 20, hata baada ya umri wa utu uzima kushushwa hadi 18 mwaka 2022, kwa hiyo mwanafunzi ambaye hajafikisha 20 atakunywa chai apende asipende. Tofauti ipo kwenye muda: kukaa saa mbili na chai kwenye matawi ni sawa, kusimama saa mbili na chai kwenye tachinomi ni adhabu.

Nguruwe ni habari nyingine. Yumo kwenye gyoza, vile vifuko vya unga vyenye nyama ndani, yumo mara nyingi kama hamu ndani ya saladi ya viazi, anaweza kuchanganywa kwenye tsukune, ile mishikaki ya nyama ya kusaga. Duka likiandika yakiton, hapo ni nguruwe waziwazi. Kigumu zaidi ni pale jina linapokudanganya: Muroran kule Hokkaido, na Higashimatsuyama mkoani Saitama, "yakitori" ya wenyeji ni nguruwe, ingawa neno lenyewe linataja ndege. Ule mchuzi wa tare nao kwa kawaida una sake na mirin, pombe tamu ya kupikia, ndani. Na kuku wa kawaida hakuchinjwa kwa bismillahi, hilo kila mtu anajua msimamo wake.

Kwa kigezo hiki izakaya ya matawi ina faida ya menyu yenye picha na muda wa kusoma bila kumkimbiza mtu. Ya mtaani ina faida ya binadamu: sema "butaniku wa taberaremasen", siwezi kula nguruwe, na mzee mwenyewe atakuonyesha kipi uache. Ya kusimama, muuzaji ana foleni mbele yake, usitegemee maelezo. Popote mlipo, samaki wa kuchoma kwa chumvi, samaki mbichi na edamame ndiyo ngome ya mtu wa halali, na bado jiko moja na mafuta ya kukaangia yale yale yanabaki jambo la kuuliza. Anayetaka uhakika kamili, miji mikubwa ina izakaya chache za halali, na hapo mjadala wa aina hizi tatu unakufa. Nendeni huko wote. Asiyekula nyama wala samaki kabisa ana kazi ngumu kuliko wote, maana supu ya msingi ya jikoni hupikwa kwa samaki wa kukaushwa na mara nyingi haitajwi.

Lugha

Kwenye matawi unaweza kula jioni nzima bila kutamka neno, mara nyingi hata kwa Kiingereza cha kishikwambi. Ya mtaani inadai Kijapani kidogo au rafiki anayekijua. Bila hivyo, neno "osusume", unachopendekeza wewe, linatosha kuanzia. Ya kusimama ina lugha ya vidole, na jirani wa bega kwa bega ambaye baada ya glasi ya pili atataka kujua Tanzania iko wapi hasa. Kama mnataka kukutana na wenyeji, hapa na kwenye kaunta ya mzee ndipo. Matawini mtaongea ninyi kwa ninyi.

Muda na moshi

Matawi huwapa saa mbili, kisha mnaombwa kwa upole muondoke. Mzee hana saa, ana uso: akianza kufuta kaunta mara mbili mbili, ulizeni bili. Kwenye kusimama miguu ndiyo saa.

Tangu Aprili 2020 sheria inakataza uvutaji ndani ya migahawa mingi, lakini maduka madogo ya zamani yalipewa msamaha, na hayo ndiyo hasa ya taa nyekundu. Mwenye pumu aangalie kibandiko cha mlangoni kabla ya kuvuta pazia.

Treni za mwisho huondoka karibu saa sita usiku na teksi baada ya hapo hula posho ya wiki. Wanafunzi wenye baiskeli, sikilizeni: tangu Novemba 2024 kuendesha baiskeli ukiwa na kilevi kuna adhabu ya jinai. Isukumeni kwa mkono.

Kwa hali yenu

Sherehe ya kumpokea mgeni, hasa zile za Aprili ambazo wanafunzi wetu wanaofika kwa ufadhili hukutana nazo wiki ya kwanza: ya matawi, kwa kozi, yaani mlolongo wa vyakula uliopangwa kabla, na mratibu aulize mapema nani hanywi na nani hali nini. Kozi ikishaanza kuja haibadilishwi.

Wawili au watatu mnaotaka kuongea mambo mazito: ya mtaani, Jumanne au Jumatano, mapema.

Mwisho wa mwezi, mfuko mwepesi, kila mtu alipe chake: ya kusimama, baada ya kula wali nyumbani.

Kundi lenye Mwislamu mmoja na wanywaji watano: matawi bila nomihodai, muagize kimoja kimoja, sahani za samaki zije kwanza na zikae upande wake. Bili msiigawe sawa.

Mgeni wa siku tatu anayetaka kuionja Tokyo: jioni mpelekeni chini ya njia ya reli Yurakucho au vichochoro vya Omoide Yokocho pale Shinjuku, mkiwa wachache, na mumwambie habari za otoshi kabla hajaiona kwenye risiti.

Na ninyi sita mliosimama nje ya kituo? Pandeni ghorofa ya tatu mkaulize kama kuna meza. Mkiambiwa saa moja, andikisheni jina, mshuke mkasimame pale kwenye kaunta kwa kinywaji kimoja na mishikaki yenu miwili hadi simu ilie. Ile taa nyekundu iachieni nijikai, duru ya pili, kwa watatu watakaobaki. Wa mwisho wa reli ataaga baada ya duru ya kwanza, treni yake ni ya saa nne na nusu.